Stima ipo, mbona tunakaa gizani? Tafuta jibu kwenye data

Ni saa mbili usiku. Umetoka kazini, umepigana na foleni ya Jogoo Road, umefika keja na kuweka sufuria ya mchele kwenye koili. Dakika tano baadaye, kimya. Muziki wa jirani umekatika, friji imenyamaza, na kutoka ploti ya pili unasikia watoto wakipiga ile kelele ya "oooh!" Unachungulia dirishani: mtaa mzima ni giza totoro. Unawasha tochi ya simu na kuangalia betri. Asilimia 18.

Unaingia mtandaoni kulalamika kama kila mtu. Kuna anayesema stima ya nchi imeisha. Kuna anayeapa kwamba tunayo hadi inamwagika, hii ni njama tu ya wakubwa. Mwingine anataka tununue zaidi kutoka Ethiopia, mwingine anataka kinu cha nyuklia kesho asubuhi. Wote wanaongea kwa uhakika wa kutisha, na hakuna hata mmoja aliyeweka jedwali mezani.

Leo nataka tufanye tofauti. Nataka nikuonyeshe jinsi wewe mwenyewe, ukiwa na laptopu, bando na subira kidogo, unavyoweza kukusanya data ya stima ya Kenya na kuipanga hadi uweze kuiuliza maswali. Si lazima uwe injinia. Kama unajua kujumlisha safu kwenye Excel, tayari uko nusu ya safari.

Na usidhani ni mchezo wa watu wasio na kazi. Mipango ya stima ikikosewa, anayelipa ni wewe, kila unaponunua tokeni.

HESABU YA KWANZA, NYUMA YA BAHASHA

Tuanze na nambari chache ambazo ziko wazi kwa umma. Mitambo yote iliyounganishwa kwenye gridi ya taifa, ukijumlisha na stima tunayonunua nje, ina uwezo wa karibu megawati 3,200. Mapema mwaka 2025, matumizi ya juu kabisa ya nchi, yaani kilele, yalipita megawati 2,300 kwa mara ya kwanza. Ukitoa, unabaki na 900. Ndiyo maana yule jamaa wa njama ana uhakika. Stima si ipo?

Sasa angalia saa yako. Kilele cha Kenya huja kati ya saa moja na saa nne usiku, watu wakipika, wakipiga pasi nguo za kesho na wakitazama mechi. Saa hiyo jua limeshatua. Garissa na mashamba mengine makubwa ya sola yaliyounganishwa kwenye gridi, jumla kama megawati 210, yanatoa sufuri. Umebaki na 2,990.

Upepo je? Turkana ina megawati 310, Kipeto kule Kajiado ina 100, na Ngong ina kama 25. Usiku mwingi upepo wa Turkana huvuma vizuri sana. Lakini ukipata usiku mmoja ambao umelala, toa hizo 435 pia. Sasa uko 2,555.

Bado. Kuna mtambo mahali uko kwenye matengenezo. Kama mvua imekosa, mabwawa ya Mto Tana, kuanzia Masinga hadi Kiambere, hayawezi kufunguliwa yote kwa nguvu. Anayesimamia gridi lazima aweke akiba ya dharura, la sivyo mtambo mmoja ukianguka nchi yote inaanguka nao. Na stima ya Olkaria haiwezi kuruka hewani hadi Kisumu kama nyaya za kuelekea Magharibi zimejaa.

Ghafla zile 900 zimeyeyuka. Na kweli, mwaka 2025 serikali yenyewe ilikiri hadharani kwamba kuna sehemu za nchi hukatiwa stima nyakati za jioni.

Lakini subiri hadi saa tisa usiku. Wakenya wamelala, na matumizi yameshuka hadi karibu nusu ya kilele. Sasa shida imegeuka: mitambo ya mvuke inapunguzwa na wakati mwingine mvuke unaachiliwa uende hewani tu, na upepo unaambiwa ukae. Yaani nchi moja, usiku mmoja, tunakuwa na uhaba na ziada. Kwa hivyo wale wawili waliokuwa wakibishana mtandaoni wote walikuwa sawa, ila kila mmoja alikuwa akizungumzia saa yake.

Hili ndilo somo la kwanza. Swali la stima si "tuna ngapi?" tu. Ni "tuna ngapi, wapi, saa ngapi, na kwa bei gani?" Ukitaka kujibu hayo yote kwa pamoja, kalamu na bahasha havitoshi. Unahitaji modeli, na modeli hula data.

SOKO LA STIMA NI KAMA MARIKITI

Modeli ya soko la stima ni programu inayoigiza jinsi wauzaji na wanunuzi wanavyokutana kila saa ya mwaka. Wazia umeenda Marikiti alfajiri kununua nyanya za kupikia harusi. Unahitaji kreti 100. Mkulima wa kwanza ana 40 za bei ya chini, wa pili ana 40 za bei ya kati, wa tatu ana 40 lakini zake ni ghali kwa sababu amezileta kwa lori kutoka mbali. Utamaliza za kwanza, utamaliza za pili, kisha utachukua 20 tu za yule wa bei ghali.

Gridi hufanya hivyo hivyo. Mvuke wa Olkaria, maji, upepo na jua, ambavyo havichomi mafuta, huitwa kwanza. Mitambo ya dizeli na mafuta mazito huitwa mwisho, wakati hakuna jingine. Katika masoko mengi ya stima duniani, yule wa mwisho kuitwa ndiye huamua bei ya saa hiyo kwa wote. Mataifa ya Kusini mwa Afrika yaliunda chama chao cha kuuziana stima mwaka 1995, na tangu 2009 wana soko la kununua stima siku moja kabla ya kuitumia.

Kenya hatujafika hapo. Kwa miaka mingi Kenya Power imekuwa mnunuzi mmoja, ikinunua kwa mikataba mirefu na kukuuzia wewe. Lakini mambo yanabadilika. Sheria ya Kawi ya 2019 ilifungua mlango kwa kampuni nyingine kusambaza na kuuza stima. Laini ya kilovolti 500 kutoka Ethiopia hadi Suswa ilianza kutuletea megawati 200 mwishoni mwa 2022. Laini ya kwenda Tanzania, kutoka Isinya hadi Singida, iliwashwa Desemba 2024. Na Uganda tumeuziana nayo stima tangu miaka ya 1950. Muungano wa stima wa Mashariki mwa Afrika, EAPP, ulioundwa 2005 na wenye makao yake Addis Ababa, umekuwa ukiandaa soko kama lile la Kusini.

Soko hilo likifunguka, atakayejua nambari zake ndiye atakayenunua kwa bei nafuu. Asiyejua atapangiwa na wengine.

TULIVYOKOSEA MARA MOJA

Labda unajiuliza: si kuna wataalamu wa kufanya hii kazi? Wapo, na wanajua kazi. Lakini hebu nikukumbushe kisa.

Miaka ya 2010 na 2011, mipango rasmi ya kawi ilitabiri kwamba kufikia karibu mwaka 2030, kilele cha Kenya kingepita megawati 15,000. Mwaka 2013 serikali ikatangaza mpango wa kuongeza megawati 5,000 ndani ya miezi 40. Wakati huo kilele cha nchi nzima hakikuwa kimefika hata 1,500.

Nambari hizo zilitoka wapi? Zilijengwa juu ya ndoto za Ruwaza ya 2030: uchumi ungekua kwa kasi ya asilimia 10 kila mwaka, treni ingeendeshwa kwa stima, jiji la Konza lingesimama, viwanda vya kuyeyusha chuma vingefunguliwa. Treni ya SGR ilipoanza safari mwaka 2017, ilikuwa inatumia dizeli. Ukichukua ndoto ukaiweka kwenye safu ya "matumizi", kompyuta haitakuuliza. Itakupa jibu safi lenye nambari mbili baada ya nukta.

Na nani alilipa? Mikataba mingi ya stima ina malipo ya mtambo kuwa tayari. Ni kama kukodi nganya ya harusi: umeilipia siku nzima, iwe imebeba wageni au imeegeshwa tu chini ya mti. Ukisaini mikataba ya nganya 20 kwa wageni wa nganya 10, zile 10 tupu bado ni zako. Ndiyo maana mwaka 2021 serikali iliunda jopo la kuchunguza mikataba hiyo, na kwa miaka kadhaa mikataba mipya ikasimamishwa.

Sasa ona mzunguko. Tulitabiri juu sana, tukaogopa, tukafunga breki, na matumizi yakaendelea kukua polepole hadi yakatupata jioni tukiwa tumebana. Kosa la kwanza lilitupa bei, la pili linatupa giza. Yote mawili yalianzia kwenye data ambayo wengi hatukuwahi kuiona wala kuiuliza swali.

VIKAPU SITA VYA KUJAZA

Haya, tufungue laptopu. Tengeneza folda sita.

Kikapu cha kwanza ni matumizi. Unataka kujua nchi ilitumia stima kiasi gani, ikiwezekana kila saa. Mamlaka ya kudhibiti kawi, EPRA, huchapisha ripoti ya takwimu kila nusu mwaka. Shirika la takwimu, KNBS, hutoa ripoti ya uchumi kila mwaka. Humo utapata jumla za mwezi na mwaka. Kwa mfano, sasa tunatumia zaidi ya gigawati-saa 14,000 kwa mwaka. Gawanya kwa saa 8,760 za mwaka na utapata wastani wa karibu megawati 1,600, yaani kama asilimia 70 ya kilele. Data ya kila saa ndiyo ngumu kupata, na tutairudia.

Kikapu cha pili ni mitambo. Kila mtambo na mstari wake: jina, mahali, aina, mwaka ulipoanza, uwezo. Kipande cha kwanza cha Olkaria, megawati 15, kilianza 1981. Gitaru ndio mtambo mkubwa zaidi wa maji. Usikopi tu kutoka ukurasa mmoja. Linganisha angalau sehemu tatu.

Kikapu cha tatu ni gharama. Mtambo unatumia mafuta kiasi gani kwa kila yuniti? Shilingi imesimama wapi dhidi ya dola? Hapa una rafiki usiyemjua: Gazeti Rasmi la Serikali. Kila mwezi ada ya mafuta na ile ya mabadiliko ya fedha za kigeni huchapishwa humo. Ada ya mafuta ikipanda, mara nyingi ni ishara kwamba mitambo ya dizeli imeitwa zaidi.

Kikapu cha nne ni nyaya. Mtambo bila waya ni sanamu. Mitambo ya upepo ya Turkana, 365 kwa idadi, ilikuwa imesimama tayari mwaka 2017, lakini laini ya kilomita 428 hadi Suswa ilikamilika Septemba 2018. Wakati wote huo fidia ya mabilioni ya shilingi ilikuwa ikijikusanya. Ramani huru ya OpenStreetMap ina laini nyingi za stima zilizochorwa na watu wa kujitolea wakitazama picha za setilaiti. Si kamili, lakini ni mwanzo, na wewe pia unaweza kuchora.

Kikapu cha tano ni hali ya hewa. Kuna data huru ya dunia nzima iitwayo ERA5, inayokupa upepo, joto na mwanga wa jua kila saa tangu 1940. Ndiyo, 1940. Bila pesa yoyote.

Kikapu cha sita ni sheria na mikataba. Nani analazimika kununua kutoka kwa nani, kwa muda gani, kwa bei gani? Hiki ndicho kikapu kitakachobaki kitupu muda mrefu zaidi.

MITEGO ITAKAYOKUNASA

Ukishajaza vikapu, usikimbilie kubonyeza kitufe. Data chafu haitoi harufu. Hii hapa ni mitego mitano, na kila anayefanya kazi hii ameshaingia angalau mmoja.

Mtego wa kwanza ni saa. Sisi tunaongea Kiswahili, tunajua saa moja asubuhi wenzetu huandika saba. Hilo limezoeleka. Lakini data ya ERA5 haitumii saa ya Nairobi. Inatumia saa ya dunia, ambayo iko nyuma yetu kwa saa tatu. Ukisahau kuisogeza, modeli yako itaamini kwamba jua la Garissa huchomoza saa tisa na nusu za usiku na kutua saa tisa na nusu alasiri. Halafu utashangaa mbona sola yako inaanguka kabla watoto hawajatoka shule.

Mtego wa pili ni mwaka. KNBS huhesabu Januari hadi Desemba. Kenya Power na EPRA huhesabu Julai hadi Juni. Ukiona "2024" mahali na "2023/24" mahali pengine, usizichanganye. Hizo ni nyakati mbili tofauti zinazogusana miezi sita tu.

Mtego wa tatu ni kipimo. Megawati ni kama kasi ya boda, megawati-saa ni kama umbali aliokwenda. Mtu akikuambia mtambo "unatoa megawati 310 kwa mwaka", ujue amechanganya. Turkana ikizunguka kwa nguvu zote saa zote 8,760, ingetoa megawati-saa 2,715,600. Hakuna upepo duniani unaofanya hivyo. Kwa hiyo kila ripoti inayokupa zaidi ya hapo, tupa.

Mtego wa nne ni stima isiyoonekana. Viwanda na taasisi nyingi sasa zina sola zao. Chuo Kikuu cha Strathmore kiliweka paneli za kilowati 600 juu ya paa zake mwaka 2014. Stima hiyo haipiti kwenye mita ya taifa, kwa hivyo kwenye jedwali itaonekana kama watu wamepunguza matumizi, kumbe wamehama. Upande mwingine kuna stima inayotoka kwenye mitambo lakini haifiki kwenye bili ya mtu. Miaka ya karibuni zaidi ya asilimia 20 ya stima imekuwa ikipotea njiani, nyingine kwa joto la nyaya chakavu, nyingine kwa zile waya za kamata-kamata unazozijua mtaani.

Mtego wa tano ndio mbaya zaidi, na unarudi kwa ule mchele wako kwenye koili. Stima ikizimwa mtaani, mita inaandika sufuri. Modeli inasoma sufuri hiyo na kusema: watu wa hapa hawakutaka stima. Ulitaka! Sufuria iko jikoni, mchele mbichi. Lakini hamu yako haikuingia kwenye kitabu. Na mpango wa kesho ukitumia kitabu hicho, mtaa unaokatiwa sana utaonekana mtaa usiohitaji sana, na transfoma kubwa itapelekwa kwingine. Fikiria pia wale ambao hawana mita kabisa. Katika sensa ya 2019, ni nusu tu ya nyumba za Kenya, asilimia 50.4, zilizotumia stima ya gridi kupata mwanga. Wale wengine nao hawakuwa wanataka giza.

Ningeongeza na moja la Turkana. Upepo wa Loiyangalani hupita katikati ya nyanda mbili za juu kama hewa inayobanwa kwenye mrija. Data ya dunia hugawa ardhi kwa miraba ya kilomita 30 hivi, na mrija huo haionyeshi sawasawa, hivyo hupunguza upepo. Kabla ya kuamini kompyuta, linganisha na kile mtambo ulichozalisha kweli.

KULE WENGINE WALIKOFIKA

Ukiingia kwenye jukwaa la wasimamizi wa gridi za Ulaya, utaona saa kwa saa Ujerumani imetumia kiasi gani, Ufaransa imeuza nini kwa Uhispania, na mtambo gani umezima. Data hiyo imekuwa wazi tangu Januari 2015, kwa sababu sheria iliwalazimisha. Si mbali pia: Eskom ya Afrika Kusini, katikati ya mgao mkali wa stima, ilikuwa na ukurasa wa data ya matumizi na uzalishaji ambao mtu yeyote angeweza kupakua.

Kwetu? Usiku wa Ijumaa, Agosti 25, 2023, karibu Kenya nzima ilizimika, na abiria wakakwama gizani JKIA. Kenya Power ilisema chanzo kilikuwa kupotea kwa stima ya upepo ya Turkana. Wenye mitambo ya Turkana wakajibu kwamba ni hitilafu kwenye gridi iliyowalazimisha kuzima. Nani alikuwa sawa? Rekodi za dakika kwa dakika za usiku huo zingemwezesha mhandisi yeyote kijana, au mwanafunzi wa mwaka wa nne, kufuatilia mwenyewe. Bila hizo, umma ulibaki kuchagua nani wa kumwamini.

Cha kuuma ni kwamba sisi ndio tulikuwa mbele. Julai 2011 Kenya ilizindua tovuti ya data huria ya serikali, kati ya nchi za kwanza barani. Mwaka 2009 vijana wa Kibera walizunguka vichochoroni na vifaa vya GPS wakachora mtaa wao kwenye OpenStreetMap, wakati kwenye ramani nyingi Kibera ilikuwa doa tupu. Hatujasahau kufanya hivi. Tumeacha tu.

UNA HAKI YA KUULIZA

Sasa turudi kwenye kikapu cha kwanza, ile data ya kila saa. Usikae ukisubiri mtu akutumie.

Kifungu cha 35 cha Katiba kinampa kila raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali. Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016 inaeleza namna. Unaandika ombi, kwa Kiingereza au kwa Kiswahili, hilo limeandikwa kwenye sheria yenyewe, na afisa anapaswa kukujibu ndani ya siku 21. Akikunyima au akinyamaza, unaenda kwa Tume ya Haki ya Utawala.

Siri ni kuomba kitu mahususi. Usiandike "naomba data ya stima". Andika: "Naomba matumizi ya gridi ya taifa kwa kila saa, kuanzia Julai 1, 2023 hadi Juni 30, 2024, katika faili ya Excel na si picha ya PDF." Ombi lililo wazi ni gumu kulikwepa.

Na heshimu mpaka. Kuna Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, na ina sababu. Rekodi ya mita ya nyumba moja inaonyesha saa unayoamka, siku ambazo haupo, na wakati umesafiri kwenda ushago. Mwizi angeipenda sana. Wewe hauhitaji mita ya mtu. Unahitaji jumla ya mtaa, ya kaunti, ya nchi.

Ukishapata, vyombo ni vya bure. OSeMOSYS na PyPSA-Earth ni programu huria. Hiyo ya pili ilizaliwa mwaka 2021 kutokana na juhudi za kujenga modeli ya Afrika kwanza kabla ya kwingine. Weka faili zako GitHub, andika data imetoka wapi na uliibadilisha vipi, ili mwenzako wa Eldoret au Kampala akupate kosa. Kupatwa kosa na mtu unayemwona ni bora kuliko kosa linalokaa kimya kwenye bili kwa miaka 20.

ANZIA KWENYE SIMU YAKO

Najua unawaza, hii yote ni nzuri lakini nina hustle. Sawa. Basi fanya kitu cha dakika 20.

Fungua meseji zako za tokeni. Kila moja ina tarehe, pesa ulizolipa, yuniti ulizopata, na sehemu iliyokwenda kwa ada nyingine. Ziandike kwenye jedwali, za mwaka mmoja. Gawanya pesa kwa yuniti. Utaona bei halisi ya stima yako ikipanda na kushuka mwezi baada ya mwezi, na utaanza kujiuliza ni kwa nini. Angalia kama umevuka yuniti 30 au 100 kwa mwezi, kwa sababu tangu Aprili 2023 hiyo ndiyo mipaka ya bei za nyumbani. Kisha weka safu moja zaidi: siku na saa stima ilipozimika, na iliporudi.

Hiyo safu ya mwisho haiko kwenye ripoti yoyote ya kitaifa kwa ajili ya ploti yako. Wewe ndiye pekee uliye nayo. Ukimshawishi kinyozi wa chini na mama wa kuuza samaki mwenye friji waandike zao, mna rekodi ya mtaa. Mitaa kumi ikifanya hivyo, kuna mtu mahali atalazimika kueleza mbona sufuri za mita zake hazilingani na giza lenu.

Stima imerudi? Haya, malizia mchele. Lakini kabla hujasahau, andika: ilizima saa mbili na dakika tano, imerudi saa ngapi?